Kitufe cha Pembeni

Mashine ya kupasulia kuni ilichukua kidole kidogo cha Tuovi,
mkono wa kushoto, Septemba, huko kwao Pudasjärvi.
Jumatatu ya tatu alirudi kazini Oulu
na bendeji, na mkate mweusi, na swali moja:
"Nani aliamua kwamba Kontroli ni kazi ya kidole hiki?"

Hatukujua.
Tuliikuta pale pembeni
kama tulivyoukuta mto na jina lake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa.
Lakini punguza kimoja kwenye kumi
uone vile tisa vinavyotazamana,
kama ndugu waliotoka mazikoni
na hakuna anayejua nani sasa atachota maji.

Akafungua faili la mipangilio.
Mimi, meza ya pili, nikajifanya nasoma barua pepe.

Kwanza akakipa kidole gumba ufalme.
Gumba, bwege wa kubofya nafasi kutwa nzima,
leo ndiye mshika funguo.
Kuhifadhi: gumba na S.
Kutafuta: gumba na F.
Akajaribu juu ya meza tupu,
kama mtu anayepiga kinanda usingizini.

Ikaja zamu ya kunyamazisha mstari.
Aliyebuni mkato huu, huko mbali aliko,
mkwaju uko chini ya kidole chake: anabofya, yamekwisha.
Kwetu umepanda juu ya saba,
mpaka umwombe Shifti ruhusa.
Vidole vitatu, kwa kazi ya kusema "sss".
"Sisi Wafini tuna Ö," akasema,
"na kwenye msimbo haina ajira."
Akaiajiri.
"Itazame basi. Mdomo wazi, macho juu.
Mtu aliyeambiwa nyamaza katikati ya neno."

Nilisubiri afike kwenye kutendua.
Nilidhani hapo atasita, atatazama theluji dirishani,
atasema jambo juu ya mashine isiyo na kitufe hicho.
Nilikuwa nimeshaandaa uso wa pole.
Akakiweka mahali pazuri kuliko pote,
gumba na J, chini ya kidole cha shahada.
"Nakosea sana," akasema,
akamega mkate.

Na alikosea kweli, wiki tatu.
Alihifadhi alipotaka kutafuta,
alifunga faili nne kwa mpigo
akazitukana kwa lahaja ya kwao, polepole, kila moja na lake.
Mara nyingine kile kisichokuwepo
kiliteremka bado kwenye pembe yake,
hewa ikabofya hewa,
naye akangoja skrini imjibu.

Kontroli ya zamani ilibaki bila kazi.
Nikamwambia: kitufe kizima, bure?
Kipe hata kuzima muziki.
"Acha, Eeli. Hapo pana mwenyewe."

Februari akaenda likizo, hitilafu ikaja usiku.
Msimbo ulikuwa kwenye mashine yake tu,
nikakaa kwenye kiti chake kama mwizi.
Nilibofya pembe na S, ikaandikwa s.
Nilibofya pembe na Z, ikaandikwa z.
Ukurasa mzima ukajaa herufi zangu za amri,
amri ambazo hakuna aliyezisikia.
Nikafungua lile faili, nikalisoma
kama barua isiyo yangu.

Kufika saa nane za usiku
nilikuta kidole changu kidogo, kizima, hakina jeraha,
kimenyanyuka kando
kama cha mgeni anayekunywa kahawa ukweni.
Sikumbuki kilinyanyuka lini.

Hitilafu ilikuwa mstari mmoja. Niliunyamazisha kwa Ö.
Kabla ya kuzima taa
nikabofya kile cha pembeni, mara moja tu.
Kinashuka. Kinapanda.